Herufi Mia Mbili za Mwanzo

Niliziweka barua mbili kandokando kwenye skrini nikazipima tena, mara ya nne sasa. Alama ileile, urefu tofauti. Ya kwanza ilikuwa na herufi elfu moja mia moja na arobaini. Ya pili, elfu tatu mia tisa na mbili. Mbele ya hiyo ya pili seva ilikuwa imeandika neno moja, NAKALA, kisha ikaitupa pipani.

Nakala haiwezi kuwa ndefu mara tatu kuliko barua iliyonakiliwa.

"Fundi," alisema Lazaro Kihwele kutoka mlangoni. "Sitaki kukusumbua."

"Hunisumbui. Ingia, ukae."

Hakukaa. Alikuwa ametoka kuchimba barafu, bado amevaa suti ya nje mpaka kiunoni, kofia kaibana kwapani kama mtu aliyebeba kuku. Ilikuwa mara yake ya tatu wiki hiyo kuja kwenye chumba cha barua.

"Nina swali moja tu. Mashine ikisema hakuna barua, maana yake hakuna barua?"

Nikaacha kuandika. Nimekuwa fundi wa barua wa Kambi ya Kivulini, hapa kwenye ncha ya kusini ya mwezi, kwa miaka minne. Watu huniuliza barua yao imechelewa wapi. Hilo la Lazaro sikuwahi kuulizwa.

"Mpaka jana ningekujibu ndiyo," nilisema.

"Na leo?"

"Leo nipe muda. Mpaka mwisho wa zamu."

"Haina haraka. Kiti changu nimeshakirudisha." Alisema hivyo akitazama sakafu. "Siku kumi na mbili zilizopita niliwaandikia Ofisi ya Safari wampe mtu mwingine. Mimi nitakwenda kuchimba Shimo la Pili, miaka mitano. Mke ambaye hajakuandikia miezi kumi na moja, unarudi kwake kufanya nini?" Akaihamisha kofia kwapa la pili. "Ila nimeona niulize. Nisije nikamlaumu mtu kwa kosa la chuma."

Chombo cha kurudi duniani kilikuwa kinaondoka baada ya siku tatu. Kingine kingekuja baada ya miaka miwili.

Alipoondoka nilisimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikakaa. Kisha nikaiagiza kompyuta initolee kila barua iliyotupwa ambayo urefu wake haulingani na wa mwenzake. Nilitegemea mbili, tatu. Orodha ikaanza kushuka, ikaendelea kushuka. Iliposimama ilikuwa na barua mia nne na kumi na mbili, za watu sitini na mmoja.

*

Barua zetu ni za sauti. Mtu nyumbani anazungumza, mashine inaandika maneno yake, na sauti na maandishi vinasafiri pamoja. Zikifika, setilaiti tatu zinazouzunguka mwezi huzidaka na kuzirudia tena na tena mpaka zisikie kambi imejibu kwamba imepata. Lakini sisi tumo ndani ya kreta yenye kuta ndefu, na mara nyingi jibu letu haliruki ukuta. Kwa hiyo barua moja huingia mara tatu, mara tano, siku mbaya mara ishirini. Namba ya bahasha haisaidii, kwa sababu kila setilaiti hubandika namba yake mpya. Inabidi chujio liitazame barua yenyewe, liifanyie alama, kama alama ya dole gumba, na kila inayokuja na alama ileile litupe. Pasipo chujio mchimbaji angesomewa barua moja mara ishirini sikioni huku ameshika keekee, maana kofia zetu husoma barua papo hapo inapoingia.

Miezi kumi na moja iliyopita umeme ulikatwa nusu. Wakati huo chujio lilikuwa linafanya alama kwa barua nzima. Nililipunguza lifanye kwa herufi mia mbili za mwanzo tu. Sikukurupuka. Nilijaribu kwa barua mia tatu za ofisi na hakuna mbili zilizogongana, kwa kuwa kila moja huanza na tarehe na namba ya kumbukumbu.

Wiki mbili baadaye setilaiti ya tatu ikaanza kuugua na kuturudishia barua za mwezi uliopita. Chujio lilikuwa linasahau alama baada ya siku tatu. Nikaliambia lisisahau kabisa.

Kila badiliko, likisimama peke yake, lilikuwa sawa. Niliyaandika yote mawili kwenye daftari, na tarehe, na sahihi yangu. Sasa nilikuwa nayatazama, kurasa mbili zinazofuatana, na mguu wangu ulikuwa ukigonga chini ya meza bila mimi kuuambia.

Kilichobaki kujulikana ni kimoja. Kwa nini watu sitini na mmoja walipokea barua zenye herufi mia mbili zilizofanana? Kufungua barua sikuruhusiwa. Niliapa siku niliyokabidhiwa chumba. Nikaenda jikoni.

*

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula, au umekuja kunihesabia masufuria?"

Bi Mosi ni mpishi mkuu, mtu wa Tanga, na ana kazi ya pili nitakayoieleza. Alikuwa anachambua mchicha tunaouotesha chini ya taa.

"Nataka kujua watu huanzaje barua."

"Barua gani?"

"Yoyote. Mke akimwandikia mumewe. Mama akimwandikia mwanawe."

Alinitazama. "Wewe hujawahi kuandikiwa?"

"Za kazi."

"Za kazi," alirudia, na hakucheka. Anajua nimelelewa kituo cha yatima Tukuyu, nikajifunzia kompyuta kwenye mashine mbovu za watu. Akafuta mikono kwenye kanga, akafumba macho nusu, akaanza kwa sauti ya mtu anayesema kitu alichokijua kabla ya kujua kusoma:

"Mpendwa mume wangu fulani, pokea salamu nyingi kutoka kwangu na wote waliopo hapa nyumbani. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu..."

Nilikuwa nakunja kidole kila herufi kumi. Vidole viliisha, nikaanza upya.

"Rudia tena, polepole."

Akarudia. Mia mbili na kidogo.

"Halafu?"

"Halafu ndiyo dhumuni la barua hii. Hapo sasa barua inaanza."

"Na kila barua huwa hivyo?"

"Ya mtu mwenye adabu, ndiyo. Hawa vijana wenu ndio wanaoingia bila hodi. 'Niaje, tuma picha.'"

"Barua za vijana zinafika," nilisema.

Mchicha ukabaki mkononi mwake. "Unasemaje?"

Nikamweleza. Barua ya kwanza kutoka kila nyumba ilipita. Ya pili ilianza kwa salamu zilezile, ikatupwa. Ya tatu, ya nne. Na za huku kwenda nje vilevile, maana hupita chujio lilelile, kwa wale waliokuwa wanajibu kwa adabu. Miezi kumi na moja, na hakuna aliyekuja kulalamika kabla ya Lazaro.

"Nani angelalamika?" alisema Bi Mosi. "Uje kwa watu useme, jamani, mke wangu ameniacha, mama yangu amenisahau? Kila mtu kaingia nalo chumbani kwake, kafunga mlango."

*

Mkuu wa kambi, Bwana Ndaro, hakai kitini. Husikiliza akitembea, na ofisi yake ina hatua nne tu.

"Kosa limeonekana," alisema. "Safi. Bonyeza, wapate barua zao, tumalize."

"Mkuu, zikitoka zitaingia kwenye kofia zote kwa pamoja," nilisema. "Watu thelathini wako kwenye kamba sasa hivi."

Hapo akasimama, maana hakuna asiyejua habari ya mwaka wa kwanza. Mchimbaji mmoja wa Kasulu alikuwa ananing'inia mita themanini chini alipomsikia kaka yake sikioni akimwambia mtoto hatunaye. Akafungua ndoano yake mwenyewe. Tangu siku hiyo barua ya msiba hugongwa muhuri kule posta ya nyumbani, na seva ikiuona muhuri huipeleka kwa Bi Mosi. Yeye humtafuta mhusika, humkalisha, na humwambia kwa mdomo, kama watu wanavyoambiana. Hiyo ndiyo kazi yake ya pili.

Ila seva husoma muhuri baada ya chujio. Barua ya pipani hubaki na jina la mwandishi, la mwandikiwa, na tarehe. Bahasha na muhuri wake hutupwa kupunguza uzito. Katika zile mia nne na kumi na mbili, hakuna aliyejua ni zipi zenye msiba.

"Kompyuta itafute maneno," alisema Mkuu. "Amekufa. Amefariki. Mazishi."

"Mkuu," alisema Bi Mosi, niliyekuwa nimekuja naye, "samahani kwa kukuuliza. Mama yako alipofariki, waliandikaje?"

Bwana Ndaro alitembea hatua nne, akarudi mbili.

"Waliandika kwamba mguu haumsumbui tena."

Akamalizia hatua mbili zilizobaki.

"Basi Fundi azisome," alisema. "Mimi namruhusu."

"Kiapo sikuapa kwako, Mkuu. Niliwaapia wao."

"Kwa hiyo unataka nini?"

Nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi. Kila mtu aitwe peke yake, avue kofia, akae kwenye kiti, na mtu anayemtaka awe kando yake. Asikilize zake mwenyewe, kwa kasi yake.

"Watu sitini na mmoja! Barafu itachimbwa na nani, wewe?" Lakini alikuwa ameshaichukua karatasi. "Anza na walio kwenye orodha ya chombo. Hao tuna siku tatu nao. Wengine tutaona." Akasoma majina kutoka ukutani, saba kwa jumla. La mwisho lilikuwa Kihwele.

Lazaro, aliyeniambia kiti amekirudisha.

Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha. Niliporudi chumbani niliitafuta na nikaiona mara moja: kutoka kwa L. Kihwele, kwenda Ofisi ya Safari, siku kumi na mbili zilizopita. NAKALA. Alianza kwa salamu zilezile alizotumia kuomba kiti miezi tisa iliyopita, na chujio likamwona anajirudia.

Hiyo ndiyo barua iliyonisumbua kuliko zote. Utaratibu ulikuwa wazi: barua iliyozuiwa kwa makosa inaachiliwa. Ningeiachilia, jina lake lingefutwa kabla ya chakula cha mchana na kiti kingekwenda kwa mtu wa akiba. Ningeiacha pipani, ningekuwa nimemwamulia mtu mzima njia ya kwenda kwa kutumia kosa langu. Tayari nilikuwa nimemwamulia mara moja bila kujua. Kufanya hivyo mara ya pili nikijua kungekuwa jambo jingine. Na vipi kama angesikia barua za mkewe na bado akataka kwenda Shimo la Pili?

Niliitoa kwenye orodha nikaiweka peke yake kando. Sikumwambia Mkuu. Kila baada ya dakika chache niliitazama kama ipo.

*

Tuliwaita sita. Mmoja alisikia harusi ya mdogo wake, yote, na magoma yake, miezi saba baada ya sherehe. Mmoja aligombezwa na mama yake kwa barua tano mfululizo, kila moja kali kuliko iliyopita, akatoka anacheka na macho mekundu. Mmoja alikuwa hana baba tangu mwezi wa tatu. Bi Mosi alimshika mabega kabla sentensi haijaisha. Alijua kwa namna ilivyoanza kuzunguka.

Lazaro nilimweka mwisho. Nilijiambia ni kwa sababu ya mpangilio wa Mkuu. Haikuwa mpangilio.

Alikuja amelala kidogo, amevaa shati safi, kofia kwapani. Nilimweleza kila kitu kwa mfuatano, mpaka sehemu yangu mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyepunguza," nilisema. "Nilijaribu kwanza. Nikaona iko sawa."

"Ulijaribu kwa barua za nani?"

"Za ofisi."

Akafikiri. "Basi ulijaribu kwa watu wasiosalimiana."

Nikafungua orodha yake.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nane. Zote kutoka nyumbani kwako, Kilolo, kwa mkeo Skola."

Alikaa kitini sasa, bila kuambiwa. Bi Mosi alimuuliza anataka nani kando yake, naye akasema bila kusita: "Ngonyani. Mtani wangu." Lakini Ngonyani alikuwa Shimo la Pili, na gari la kumrudisha lilikuwa linafika kesho asubuhi. Nikamuunganisha kwa redio.

"Mwambieni Mhehe huyo mimi si yaya wake," ilisema sauti, na nyuma yake keekee ikinguruma. "Nimemwacha siku mbili tu ameshaanza kulia?"

"Wewe Mngoni, nyamaza usikie," alisema Lazaro. "Fundi amepata barua zangu. Za Skola. Nane."

Keekee ikazimwa.

"Nane?"

"Nane. Zilikuwa hapa hapa."

"Usifungue hata moja mpaka nije. Unasikia, Lazaro? Hujui ndani kuna nini. Kama ni la kucheka, nataka nikucheke mimi. Kama ni lile jingine, pia ni kazi yangu."

"Nitasikiliza salamu tu. Sauti yake tu."

"Salamu tu. Ukivuka hapo, ukifa sitakuja msibani kwako kuwatania ndugu zako."

"Salamu tu," alisema Lazaro.

Nikaiambia mashine isome herufi mia mbili za mwanzo, kisha inyamaze. Amri hiyo nilikuwa naijua: ndiyo niliyolipa chujio.

"Mpendwa mume wangu Lazaro, pokea salamu nyingi..." Sauti ya mwanamke, ya chini kidogo, karibu kucheka. Nyuma jogoo akiwika. Lazaro aliweka viganja vyote viwili juu ya magoti.

Ya pili, maneno yaleyale, mvua juu ya bati. Ya tatu, maneno yaleyale, ya haraka, kila neno limekatwa kwa hasira. Ya nne ilikuwa na kikohozi kati ya "hatujambo" na "wazima wa afya". Katika ya tano alikohoa mara mbili, akanywa kitu, akaendelea pale pale alipoachia. Ya sita ilikuwa ya polepole sana, na kitanda kikalia.

Kwa chujio zilikuwa barua moja. Herufi kwa herufi zilikuwa moja, hilo siwezi kulikana. Nilimtazama Lazaro, midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na maneno.

"Ya saba," nilisema.

"Weka."

"Mpendwa mume wangu Lazaro," ilisema sauti nyembamba, kwa juhudi, kama mtu anayetembea juu ya ukuta, "pokea salamu nyingi kutoka kwangu..."

Lazaro akaangua kicheko. "Mume wangu! Huyo Velonika huyo! Binti yangu! Ana miaka minane, ananiita mume wangu!" Bi Mosi naye akacheka, akapiga makofi mara moja. Mtoto alikuwa ameikariri salamu ya mama yake yote, bila kubadilisha neno. "...sisi huku hatujambo, ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye..."

Mashine ikanyamaza. Kicheko kilikuwa kimeshaisha kabla yake.

"Hakuna aliyemkosoa," alisema Lazaro. "Skola angekuwa karibu angemwambia, sema baba, mwanangu, sema baba. Umesikia mtu yeyote nyuma yake?"

Sikuwa nimesikia mtu. Wala jogoo.

"Kila barua husema ni wazima," alisema Bi Mosi taratibu. "Hiyo haikwambii kitu. Wala isikuogopeshe."

"Najua. Na ile ya msiba wa baba yangu ilianza hivyohivyo."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha ya nane. Lazaro aliufunika mkono wangu kwa wake, ukiwa na ngozi ngumu ya kamba.

"Kesho. Nimemwahidi Mngoni." Kisha akasema, bila kunitazama: "Na kile kiti nilikirudisha."

"Hukukirudisha," nilisema. "Ulitaka. Barua yako kwa Ofisi ya Safari ninayo hapa. Ulianza kwa salamu."

"Mtu anaiandikiaje ofisi bila kuisalimia?"

"Ndiyo maana haikufika. Jina lako bado liko ukutani. Ni barua yako, Lazaro. Ukisema iende, naituma sasa hivi mbele yako, sikufichi. Ukisema ibaki, nakurudishia."

Bi Mosi aliangalia pembeni. Mashine ilikuwa inavuma, na mguu wangu ulikuwa umeanza tena.

"Hata kama..." alianza, akakatisha. Akasimama. "Kuna mtoto kule anamsalimia mume wake. Nirudishie."

Nikaihamishia kwenye kofia yake, nikaifuta kwangu, nikamwonyesha kwamba sina nyingine. Aliichukua kofia kwa mikono miwili safari hii, akatoka kwenda kukaa kwenye lango la magari, ingawa gari lilikuwa na saa nyingi kufika. Bi Mosi alimfuata na blanketi.

Nilibaki peke yangu. Nikalirudisha chujio lifanye alama kwa barua nzima, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Taa za ukumbini zikafifia kwa umeme lilioutaka, na mtu huko akauliza kwa sauti nani anachezea umeme. Nikafungua daftari. Waliosikiliza: saba. Waliobaki: hamsini na wanne. Kihwele: saba kati ya nane, salamu tu, kuendelea asubuhi, Ngonyani akifika.

Chumba cha barua kina kiti kimoja cha wageni. Nikaenda jikoni kuazima cha pili.